Mkahawa na Mnywaji Wake: Habari za Kahawa kutoka Moshi na Mabogini

Katika Kiswahili liko neno litumiwalo kila siku, ilhali ni wachache walitazamao kwa ndani. Neno hilo ni mkahawa. Maana yake ya leo ni nyumba iuzwamo vyakula na vinywaji. Mtu aweza kuingia mkahawani, akala wali kwa maharage, akanywa chai ya maziwa, akalipa na kwenda zake, na asione hata tone moja la kahawa. Hata hivyo nyumba yenyewe imeitwa kwa jina la kahawa, wala si la wali wala la chai. Jina hilo ni ushahidi wa desturi ya zamani, ambayo kwayo kahawa ndiyo iliyowakusanya watu mahali pamoja.

Jambo hili lina ajabu zaidi katika Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Huko kahawa imelimwa kwa zaidi ya miaka 100. Imejenga nyumba, imelipa karo za shule, na imezaa chama cha ushirika chenye sifa katika Afrika nzima. Lakini kwa muda mrefu aliyeilima hakuwa mnywaji wake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mambo hayo mawili, yaani kulima na kunywa, yalivyofika Kilimanjaro kwa njia mbili mbalimbali, mahali yalipokutana, na kile akipatacho mteja wa kahawa aketipo barazani au mkahawani.

I. Neno na safari yake

Kahawa ni neno la Kiarabu, qahwa. Buni, yaani punje zenyewe kabla ya kukaangwa, latokana na bunn. Na finjani, kile kikombe kidogo cha kunywea, nalo ni la asili hiyohiyo. Basi maneno makubwa ya unywaji wa kahawa yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya bahari, pamoja na kinywaji chenyewe.

Neno mkahawa lataka uangalifu zaidi. Kiarabu kina neno maqha kwa nyumba ya kahawa, na yawezekana msomaji akadhani kwamba mkahawa ni umbo hilo lililogeuzwa kidogo. Mwingine atasema ni kahawa tu iliyotiwa kiambishi m-. Hapana haja ya kukata shauri hapa. Lililo wazi ni kwamba sikio la Mswahili lilisikia neno lenye kahawa ndani yake, likalitia katika ngeli ya mti na miti, likapata wingi wake, mikahawa. Baadaye likatokea umbo la pili, mgahawa, ambalo kwalo sauti ya k imelegea ikawa g. Siku hizi umbo hilo la pili ndilo lisikikalo zaidi Tanzania Bara, na badiliko hilo dogo limekuwa na matokeo yake: katika mkahawa kahawa yaonekana, lakini katika mgahawa imefunikwa. Mtoto wa shule hawezi tena kuitambua pasipo kuonyeshwa.

Yafaa hapa kulinganisha na nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko kahawa ya aina ya robusta ilikuwapo kabla ya Wazungu kufika. Wahaya huiita kwa jina lao wenyewe, amwani. Matunda yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakatafunwa. Mgeni alipewa buni kwa heshima, na waliofanya undugu wa kuchanjiana walizitumia kutia muhuri agano lao. Kwa hiyo kwa Mhaya kahawa ilikuwa adabu kabla ya kuwa bidhaa. Kilimanjaro haikuwa na desturi ya namna hiyo. Kinywaji cha heshima cha Wachagga kilikuwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na ndiyo iliyopatanisha wagombanao, iliyoposa mke na iliyomzika mzee. Kahawa ilipofika mlimani ilikuta nafasi ya kinywaji cha adabu imekwisha kaliwa. Nafasi iliyokuwa wazi ni ya kupatia fedha.

II. Zao lilivyopanda mlimani

Kahawa ya arabika ilipandwa Kilema mwishoni mwa karne ya 19 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kutoka kwenye misheni ilienea kwa walowezi, na polepole katika vihamba vya Wachagga, ikapandwa chini ya migomba. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza huko Moshi, aliwahimiza wenyeji waipande kwa wingi. Walowezi wengi hawakupendezwa. Walisema kwamba miti ya Waafrika ingeleta magonjwa na wadudu. Lakini nyuma ya hofu hiyo ilikuwako hofu nyingine, kwamba mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hatakwenda kuwa kibarua katika shamba la mwenziwe. Katika Kenya hofu hiyo ilipata nguvu ya sheria, na kwa miaka mingi Waafrika walizuiwa kulima zao hilo. Katika Kilimanjaro haikushinda.

Mwaka wa 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na Joseph Merinyo akawa kiongozi wake. Mwaka wa 1933 mahali pake pakachukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU, ambacho ndicho Wachagga wengi wanachokiita Chama pasipo kuongeza neno lingine. Historia yake haikuwa shwari daima. Mwaka wa 1937 yalizuka machafuko, na baadhi ya maghala ya kahawa yalishambuliwa na wakulima waliokataa kulazimishwa kuuza kwa njia moja tu. Mwaka wa 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, na ni baada ya sheria ya 1982 ndipo vilipoweza kurudi. Mwaka wa 1989 mkataba wa mataifa uliokuwa ukizuia bei isianguke ulivunjika, na katika miaka iliyofuata wakulima wengi waliiacha mibuni yao ikazeeka, na wengine wakaing'oa wakapanda mboga.

Habari hizo zimekwisha kuandikwa na wengi. Jambo ambalo halikupewa uzito wa kutosha ni namna kazi yenyewe ilivyomtenga mkulima na kinywaji. Mkulima wa Kilimanjaro huchuma matunda mekundu, huyamenya kwa mashine ya mkono, huzilaza punje mpaka utelezi uishe, huziosha, huzianika juu ya vichanja, kisha huzipeleka kwenye chama cha msingi zikiwa bado na ganda lake jembamba. Hapo hupimwa, naye hupewa stakabadhi. Kutoka hapo kahawa hushuka Moshi kukobolewa na kupangwa madaraja, hunadiwa mnadani, na huenda bandarini. Katika mlolongo wote huo hapana mahali ambapo mkulima hulazimika kuikaanga. Nayo harufu ambayo dunia nzima huijua kuwa ni ya kahawa huzaliwa kikaangoni. Punje mbichi haina harufu hiyo. Na maganda yaliyomenywa, yakichacha kando ya mfereji, yana harufu nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu aliweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka katikati ya mibuni, na asijue kahawa inanukaje.

Zaidi ya hayo, punje zilizobaki nyumbani zilikuwa fedha iliyopotea. Chai iliyonunuliwa dukani haikuonekana kuwa hasara, kwa sababu ilikuwa bidhaa ya kununuliwa tangu mwanzo. Kahawa ilikuwa karo ya mtoto, na ni vigumu kwa mtu kunywa karo ya mtoto wake.

III. Dele na baraza

Wanywaji walifika kwa njia nyingine. Misafara ya watu wa pwani iliijua njia ya Kilimanjaro kabla ya Wazungu. Johannes Rebmann alipouona mlima mwaka wa 1848 aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyekuwa mzoefu wa safari hizo. Baadaye reli kutoka Tanga ilifika mwaka wa 1911, na mji wa Moshi ukakua pale ilipokoma, chini ya mlima, mbali kidogo na Moshi ya zamani iliyoko juu. Mji wa reli huvuta watu wa kila namna. Walikuja mafundi, wapagazi, wachuuzi, Wapare, Wasambaa, Waislamu wa pwani na Wahindi wenye maduka. Katika mitaa kama Bondeni, Majengo, Njoro na Pasua Kiswahili kilikuwa lugha ya jirani na jirani, na pamoja na lugha hiyo ikaja baraza, na pamoja na baraza ikaja kahawa chungu.

Vyombo vya muuza kahawa ni vichache, na kila kimoja kina kazi. Liko dele, birika refu la shaba au bati, likiwa juu ya jiko dogo la makaa. Viko vikombe visivyo na mikono, ndani ya ndoo ndogo ya maji. Iko sahani ya kashata, za karanga au za nazi, ambazo utamu wake ndio sukari ya kinywaji, maana kahawa yenyewe hainyweki na sukari barazani. Muuzaji atembeaye hugonganisha vikombe viwili mkononi, na mlio huo ndio tangazo lake lote.

Mteja wa barazani hana orodha ya vinywaji. Haulizwi anataka nini, kwa kuwa kitu ni kimoja. Huanza kwa kuwaamkia waliomtangulia, mkubwa akiamkiwa shikamoo naye akiitikia marahaba, na ni baada ya hapo tu ndipo kikombe humjia. Akimaliza husema, ongeza; na halipi mpaka aondokapo, kwa hesabu ya vikombe ambayo yeye na muuzaji kila mmoja huiweka kichwani. Basi anachonunua ni haki ya kukaa, pamoja na kinywaji. Mtu wa vikombe viwili aweza kusikiliza habari za mahakamani, za mpira, za bei ya mahindi na za msiba wa mtaa wa pili, na hakuna atakayemwambia kwamba muda wake umekwisha. Wakati hupimwa kwa makaa: yakizimika, watu hutawanyika.

Hata hivyo haifai kulisifu baraza kupita kiasi. Mara nyingi ni mahali pa wanaume. Mwanamke aliyezipika kashata nyumbani haketi penye kuliwa kashata zake. Na mlimani pia, mikono iliyochuma na kuanika kahawa ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wanawake, ilhali stakabadhi iliandikwa jina la mume. Unyamavu huo wa pande mbili, wa kilimani na wa barazani, ni sehemu ya historia ya kahawa kama ilivyo bei yake.

IV. Mkahawa wa Chama

Katika miongo ya karibuni KNCU kilifungua mjini Moshi, kando ya barabara ya Arusha, nyumba ya kahawa ijulikanayo kwa jina la Union Café. Ni ya namna ambayo haikuwako hapo zamani. Imewekwa katika jengo la kale lililotengenezwa upya. Kahawa yake hukaangwa papo hapo. Na kutani zimetundikwa picha za zamani za kilimo cha kahawa na za ushirika. Kwa maneno mengine, nyumba hiyo imejengwa juu ya habari moja, na mteja hunywa habari hiyo pamoja na kinywaji chake.

Wateja wake ni wa namna nyingi. Wako watalii wanaojiandaa kupanda mlima au waliokwisha kushuka, wako watu wa maofisi, wanafunzi, na jamaa waishio ng'ambo waliorudi likizo. Mtu huketi mezani peke yake au na wenziwe, huletewa orodha, na kusoma majina ya Kiitaliano ambayo Kiswahili hakijayapa makazi ya kudumu. Hapa mwenye kupenda lugha atasikia mambo ya kumfaa. Baadhi ya wateja huyatamka majina hayo kwa irabu mwishoni, kapuchino, esipreso, na kwa kuwa Kiitaliano nacho hupenda irabu mwishoni, maneno hayo huingia Kiswahilini pasipo kuchubuka sana. Wengine huepa shida yote kwa kusema kahawa nyeusi au kahawa ya maziwa, na huhudumiwa vilevile.

Bei ya kikombe kimoja hapo hutosha kununua vikombe vingi barazani. Tofauti hiyo si ya ubora wa buni tu. Mteja wa mkahawani hulipia kiti, kivuli, utulivu, na haki ya mwanamke kuketi peke yake pasipo kuulizwa amemfuata nani. Hulipia pia ile harufu ya kikaango, ambayo sasa, baada ya miaka mingi, yasikika katika nyumba ya wakulima wenyewe. Hilo si jambo dogo. Chama kilichoundwa ili kuiuza kahawa mbali kimejifunza kuimimina karibu.

Lakini picha za ukutani zina mpaka wake. Picha huonyesha kilichosimama mbele ya kamera. Haiwezi kuonyesha mwaka wa 1937 jinsi ulivyokuwa moyoni mwa mtu aliyeshambulia ghala la chama chake mwenyewe, wala mibuni iliyong'olewa bei zilipoanguka. Nyumba inayouza habari zake huchagua zile zilizo tamu, kama vile kashata huchaguliwa kuandamana na kikombe kichungu. Mteja hana kosa kwa kufurahia utamu huo. Wajibu wa mwanahistoria ni kukumbusha kwamba kikombe nacho kipo.

V. Mabogini, mahali pa kukutana

Kusini ya mji, ukiisha kupita Pasua, ardhi hulala tambarare na joto huongezeka. Hapo ndipo Mabogini. Ni chini ya ukanda wa kahawa, maana arabika ya Kilimanjaro hupenda baridi ya miteremko na kivuli cha migomba. Mabogini huishi kwa maji yashukayo kutoka mlimani. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini, uliokamilika mwaka wa 1987 kwa fedha na utaalamu kutoka Japani, uliifanya nchi hiyo kuwa ya mpunga. Na mbele zaidi, Arusha Chini, liko shamba la miwa la TPC, lililoanzishwa katika miaka ya 1930 na ambalo liliwavuta vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Wachagga nao walishuka, kwa kuwa vihamba vilizidi kugawanyika kwa kila kizazi, wakatafuta mashamba huku chini.

Kwa hiyo Mabogini hukutanisha aina mbili za watu ambao kahawa iliwatenga: wale ambao baba zao waliilima na hawakuinywa, na wale ambao baba zao waliinywa na hawakuilima. Lugha yao ya kukutania ni Kiswahili. Barazani mtoto wa kihamba hujifunza kunywa kutoka kwa mtu wa pwani, na mtu wa pwani hujifunza kutoka kwake kwamba punje ilioshwa na kuanikwa na mama wa mtu. Na mara nyingi buni za barazani ni zile ambazo hazikufuzu daraja za kupelekwa ng'ambo. Mlima hushusha mabaki yake bondeni, na bonde huyafanya kuwa mazungumzo.

Namna wateja na wauzaji wanavyoitana yastahili kuandikwa. Muuza kahawa ataitwa mzee, sheikh au kaka, kwa kadiri ya umri wake. Lakini mwenye duka jirani, auzaye sukari na makaa, akiwa Mchagga ataitwa Mangi. Mangi lilikuwa jina la mtawala wa Kichagga. Serikali ya Tanganyika huru ilikomesha utawala wa machifu mwaka wa 1963, na cheo kikafa, neno halikufa. Lilishuka kutoka kitini, likatembea na wafanya biashara wa Kichagga nchi nzima, na leo kila mtaa una duka la Mangi. Neno mkahawa lilianza kwa kinywaji likaenea mpaka likakisahau. Neno mangi lilianza kwa enzi likaenea mpaka likaisahau. Yote mawili yamegeuzwa na watu wale wale, nao ni wateja. Wao ndio hasa wenye kuamua maana ya maneno, kila siku, pasipo kuitisha mkutano.

VI. Yanayofuata kutokana na hayo

Katika Tanzania kahawa inywewayo nchini hukadiriwa kuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ivunwayo. Maana yake ni kwamba maisha ya mkulima wa Kilimanjaro yangali yakiamuliwa na wanywaji asiowaona, kwa bei asiyoipanga. Ndiyo sababu Bodi ya Kahawa imekuwa ikihimiza wananchi wanywe kahawa yao. Himizo hilo ni jema, lakini historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba desturi ya kunywa haiji kwa kuhimizwa. Wahaya waliipata kwa adabu ya mgeni. Watu wa pwani waliipata kwa baraza. Kila mara kahawa ilipopata wanywaji wa kudumu, ilikuwa ni kwa sababu iliambatana na namna fulani ya kuketi pamoja.

Moshi ya leo ina namna mbili za kuketi. Baraza humpa mnywaji wakati na wenzi kwa bei nafuu, lakini halimtaji mkulima, na milango yake, ingawa haina mbao, haikufunguliwa sawasawa kwa wanawake. Mkahawa wa Chama humtaja mkulima na kumtundika ukutani kwa heshima, huwafungulia wanawake na vijana, lakini mkulima mwenyewe, ashukapo mjini na stakabadhi mfukoni, huisoma bei na kufanya hesabu ya mahindi. Kila nyumba ina nusu ya kitu kimoja.

Mabogini, ambako mtoto wa mlima na mtoto wa pwani hutumia dele moja, patafaa kuangaliwa na wote wajishughulishao na lugha na desturi zake. Mambo ya namna hiyo huonekana katika maneno kabla ya kuonekana katika takwimu. Siku ambayo mzee wa Kilema au wa Uru atasema anakwenda mkahawani, naye akimaanisha kwamba anakwenda kunywa kahawa, neno hilo litakuwa limerudia maana yake ya kwanza, na zao litakuwa limefika nyumbani.